Moduli za Jirani

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kilikuwa na sheria ya Bunge iliyokianzisha, Na. 17 ya 1992, na Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Geoffrey Mmari. Kilichokosekana ni masomo yenyewe. Chuo cha masafa hakifundishi kwa sauti ya mhadhiri mbele ya ubao. Kinafundisha kwa moduli, na moduli nzuri haiandikwi kwa wiki mbili. Chuo kikanunua moduli za Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho tangu 1986 kilikuwa kikiwasomesha walimu shahada kwa masafa. Mwalimu wa Songea au Kigoma akaanza masomo ya chuo kikuu kwa kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Kisumu au Nyeri. Nadharia za makuzi ya mtoto hazibadiliki Namanga mpakani. Lakini moduli ya ualimu ya Nairobi ya miaka hiyo ilimlenga mtu anayefundisha katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, ilhali msomaji wake wa Tanzania alifundisha watoto wanaomaliza darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza. Kila mfano uliogusa mtihani, mtaala au ngazi ya shule ilibidi aufasiri mwenyewe kichwani.

Ni rahisi kuuona mwanzo huo kama unyonge. Mimi nauona kama uamuzi wa watu waliojua kwamba wangesubiri kuandika kila kitu wenyewe, kizazi kizima cha walimu kingestaafu bila shahada. Elimu ya masafa ya Afrika Mashariki imeishi kwa masomo ya kuazima tangu siku yake ya kwanza, na kuazima kwenyewe hakujawahi kuwa kosa lake. Pale mambo yalipoharibika palikosekana mojawapo ya vitu viwili: haki ya kuyakata na kuyashona upya masomo hayo, au mtu wa hapahapa aliyepewa muda wa kuifanya kazi hiyo. Hoja hii inastahili kupimwa kwa ushahidi, kwa sababu leo vyuo vyetu vinaazima kuliko wakati wowote uliopita.

Tuanze na posta. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa mtu yeyote, popote alipo, na biashara nzima ikaota pembeni ya mlango huo: vyuo vya Uingereza vya masomo kwa njia ya barua, kama Wolsey Hall ya Oxford. Katika karne ya 20 biashara hiyo ilifika kwetu, na British Tutorial College ilikuwa na ofisi Nairobi. Karani aliyetaka cheti alilipa ada, akapokea somo kwa bahasha, akajibu maswali, akarudisha, akasubiri masahihisho. Hakukuwa na mkono wa hapa uliogusa somo lile. Muhtasari ulitoka Uingereza, mtihani ulitungwa Uingereza, na mifano ya hesabu ilikuwa ya pauni na shilingi za maduka ya huko. Wapo waliofaulu, tena wengi, na cheti kile kiliwafungulia ofisi. Lakini walifaulu kwa kujifunza vitu viwili kwa pamoja: somo lenyewe na nchi ya mwandishi wake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba London yenyewe haikuona ulazima wa hali hiyo. Makerere ilipoingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, wanafunzi wake walipata shahada za London, lakini mihtasari iliruhusiwa kubadilishwa ilingane na mazingira ya hapa baada ya walimu wa pande zote mbili kukubaliana. Mwenye kiwango ndiye aliyetoa mkasi. Baadaye mikono ya hapa ikaandika kabisa. Kitengo cha masomo kwa posta cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzishwa 1967 kwa msaada wa Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, hakikuleta masomo ya Wisconsin. Kilichoazimwa ni ufundi wa kuandika somo la masafa, masomo yakatungwa Kenya na kusindikizwa na vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya. Moshi nako, katika miaka hiyohiyo ya 1960, kituo cha elimu ya ushirika kiliwafundisha wanaushirika kwa barua za Kiswahili.

Sheria ya hakimiliki ilitembea polepole kuliko walimu. Mataifa mapya yalidai, kwenye mkutano wa Stockholm wa 1967, yapewe nafuu ya kutafsiri na kuchapa vitabu vya kufundishia. Wachapishaji wa nchi tajiri walipinga vikali, na suluhu ikapatikana Paris mwaka 1971, katika kiambatisho cha Mkataba wa Berne. Kwa lugha isiyotumika kwa kawaida katika nchi zilizoendelea, na Kiswahili kimo humo, kiambatisho kinaruhusu kuomba leseni ya kutafsiri kitabu kwa ajili ya kufundishia mwaka mmoja baada ya kuchapishwa. Inasikika vizuri mpaka usome masharti: kumtafuta kwanza mwenye haki, kusubiri miezi tisa mingine, kuwa na mamlaka ya serikali ya kutoa leseni, kulipa fidia. Duniani kote ni nchi chache mno zilizowahi kukitumia. Kilichojaza pengo kwetu ni mashine ya fotokopi. Vitini vilivyorundikwa kwenye meza za steshenari karibu na mageti ya vyuo, sura ya tatu ya kitabu hiki na ya saba ya kile, zimebanwa kwa pini moja bila jina la mwandishi, ndivyo vilivyokuwa maktaba halisi ya wanafunzi wengi. Sivitetei. Nasema tu kwamba aliyechagua sura zile alikuwa mwalimu anayewajua wanafunzi wake, na ndiyo maana vilisomwa.

Jaribio kubwa lililokosa mkono huo ni Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni, kinachojulikana zaidi kama AVU. Kilianza 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, makao yakiwa Washington. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya Marekani na Ulaya hadi kumbi za vyuo vya Afrika, Kenyatta na Makerere vikiwamo. Mhadhara unaoanza saa nne asubuhi huko New Jersey wakati wa majira ya baridi unafika Nairobi saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi waliketi mbele ya televisheni, na mwenye swali alitumia simu, faksi au baruapepe. Mhadhiri wa hapa alikuwamo ukumbini, lakini cheo chake kilikuwa mwezeshaji: kuwasha mitambo, kukusanya maswali, kufafanua kilichokwisha kusemwa. Hakuwa na uwezo wa kuiondoa wiki ya tatu na kuweka nyingine, wala kubadilisha mfano wa kampuni ya Marekani uwe wa kiwanda cha chai cha Kericho. Sisemi mihadhara ilikuwa mibaya. Maprofesa walikuwa hodari, na setilaiti ilipeleka maarifa ya kompyuta mahali ambapo hata kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Ila somo lililofika kama matangazo ya moja kwa moja linapokelewa au linazimwa. Halihaririki.

AVU yenyewe ililiona hilo, na hapa ndipo historia hii inaponipa moyo. Makao yalihamia Nairobi mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikawa taasisi ya serikali za Afrika. Dunia nayo ilikuwa inabadilika: chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure, mwaka 2002 mkutano wa UNESCO wa Paris ukalipa wazo hilo jina la nyenzo huria za elimu, na Desemba mwaka huohuo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons. Kwa kupitia mradi wa AVU uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, vyuo 12 vya nchi 10, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo, viliandika moduli 73 za hisabati, fizikia, kemia, biolojia na TEHAMA kwa ajili ya walimu, zikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, jumla vitabu 219. Mwandishi wa chuo kimoja alihakikiwa na mwenzake wa kingine. Mwaka 2011 zilikuwa mtandaoni kwa kila mtu. Nyaya za baharini, SEACOM na ile ya TEAMS inayotoka Fujairah hadi Mombasa, zilikwisha kufika mwaka 2009, kwa hiyo safari hii kulikuwa na njia ya kuzipitishia.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni TESSA, mpango wa elimu ya walimu ulioanzishwa mwaka 2005 na kuratibiwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa kimojawapo. Fungua somo lolote la TESSA utakuta mifupa ileile: malengo, shughuli za kufanya na wanafunzi, visa vya walimu waliofanya jambo kama hilo, halafu nyenzo rejea. Ujanja uko kwenye mgawanyo wa mamlaka. Malengo na shughuli zilibaki karibu sawa katika nchi zote. Visa na nyenzo rejea vilikabidhiwa kwa timu ya kila nchi ivibadilishe. Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, ilipata toleo la Kiswahili. Mwalimu aliyemo ndani ya kisa ana jina la hapa na darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, na kifaa cha kufundishia anakitengeneza kwa vitu vya kuokota. Waliobuni mfumo huu waliamua mapema kipi kisiguswe na kipi lazima kiguswe, na uamuzi huo naona una thamani kuliko moduli yoyote moja iliyotokana nao.

Atatokea wa kusema kwamba hisabati haina kwao, kwamba kalkulasi ya Boston ndiyo kalkulasi ya Bukoba. Nakubali kuhusu kanuni zake. Lakini somo si kanuni pekee. Ni pia mpangilio, mazoezi, vifaa vinavyodhaniwa vipo na kile mwanafunzi anachodhaniwa amekwisha kukijua. Somo la kemia linaloanza na jaribio la maabara halimsaidii anayesoma usiku kwa simu. Pingamizi zito zaidi ni la kiwango: ukimpa kila mhadhiri ruhusa ya kukata, atakata palipo pagumu. Hatari hiyo ipo kweli. Jibu lake lilipatikana Makerere ya 1949 na kwenye moduli za AVU, nalo ni mhakiki wa chuo kingine anayesoma kilichobadilishwa. Kuzuia mabadiliko hakulindi kiwango. Kunamwachia mwanafunzi kazi ya kufasiri, na wanyonge ndio wanaoshindwa kwanza.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, baadhi ya masomo yalihamishiwa mtandaoni kwa haraka, na tabia iliyoota wakati huo haijaondoka: ukurasa wa kozi wenye viungo kumi na viwili, video za YouTube za saa nzima, sura za vitabu zilizo nyuma ya malipo. Kila video inakula bando la mwanafunzi. Viungo vingine vinakufa kabla ya mtihani. Huwezi kumlaumu mhadhiri mwenye kozi nne na mamia ya wanafunzi, kwa maana kuchagua ni kazi inayotaka saa nyingi, na ratiba yake inahesabu vipindi vya kufundisha tu. Chuo kinachotaka kuazima vizuri kinapaswa kuziandika saa hizo kwenye mgawo wa kazi kama kinavyoandika vipindi.

Bidhaa ya kuchagua ipo. Katika kurasa za mwanzo za moduli za AVU kuna tangazo fupi la leseni, mistari michache tu: yeyote anaweza kunakili, kubadilisha na kutafsiri, mradi amtaje mwandishi. Kiswahili hakimo katika zile lugha tatu, na kukitia hakuhitaji mwaka wa kusubiri wala barua kwa mwenye haki.