Kijana aliyezamia kumfuata rubani

Novemba 6, 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, hatua chache kabla ya uwanja wa ndege wa Bukoba. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi. Majaliwa Jackson, kijana wa miaka ishirini hivi, akiwa na wenzake watatu, alikimbilia mlango wa nyuma akaupiga kwa kasia hadi ukafunguka, na abiria waliokaa upande wa mkiani wakaanza kutolewa.

Asingelaumiwa kama angeishia hapo. Lakini akiwa kitandani hospitalini alisimulia kuwa alizunguka mbele, akazamia na kuzungumza na rubani kwa ishara kupitia kioo. Rubani akamwonyesha avunje kioo. Kijana akaibuka, akaomba kifaa, akapewa shoka, kisha akazuiwa kulitumia. Akazamia tena kumpungia rubani mkono wa kwaheri. Rubani akamwonyesha mlango wa dharura. Majaliwa akaufunga kamba, boti zikavuta. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia.

Watu 24 walipona, 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo. Kesho yake, wakati wa kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba, taifa lilimjua Majaliwa. Alizawadiwa shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Heshima hiyo aliistahili. Ila mimi huwa narudi kwenye lile shoka, kwa sababu ziwa hilohilo lilishatuonya. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, bado kulikuwa na watu hai ndani. Tundu likakatwa ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiifanya meli ielee ikatoka, nayo meli ikazama. Mamia walikufa. Nia njema ilikuwapo, ujuzi na vifaa havikuwapo. Miaka 26 baadaye, Bukoba, uhai wa watu ukategemea kasia na kamba.

Sisi wa Katavi hatuwezi kusema hayo ni ya Kagera. Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa wakimbizi wa Burundi, iko mbali na maji, lakini ina wazee walioikimbia Burundi mwaka 1972, baadhi yao kwa mitumbwi juu ya Ziwa Tanganyika. Wanajua mawimbi yake. Leo samaki na safari zetu hupitia Ikola na Karema, na chombo kikizama huko, atakayefika kwanza ni mvuvi.

Basi tusisubiri shujaa ajitokeze ndipo tumpeleke mafunzoni. Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika na Jeshi la Zimamoto wawafuate wavuvi mwaloni sasa, wawafundishe uokoaji na huduma ya kwanza, na wawaachie majaketi ya kujiokolea, kamba imara na shoka.