Mfalme Aliyesingiziwa Kumuua Ng'ombe

Leo tunakwenda Misri ya kale, zama ilipotawaliwa na Waajemi.

Mwaka 525 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (A.S.), Cambyses, mfalme wa Uajemi, aliingia Misri na jeshi lake, akamshinda Firauni Psamtik wa Tatu na kuitwaa nchi. Wamisri wa wakati huo walikuwa wakiabudu ng'ombe dume aliyeitwa Apis. Sisi Alhamdulillah tumeepushwa na hayo, lakini kwao halikuwa jambo dogo.

Miaka mingi baadaye Herodotus, mwandishi wa Kigiriki, akaandika kwamba Cambyses aliingiwa na wazimu, akamchoma Apis jambia la paja, ng'ombe akafa na makuhani wakamzika kwa siri. Maneno yakaenea, na jina la Cambyses likachafuka kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Mwaka 1851 Mfaransa Auguste Mariette alifukua makaburi ya ng'ombe hao huko Saqqara. Likaonekana jiwe linaloeleza kwamba Apis alizikwa kwa heshima zote katika mwaka wa sita wa Cambyses, na jeneza lake la mawe mfalme mwenyewe ndiye aliyeliagiza. Juu yake amechorwa Cambyses amepiga magoti, kavaa mavazi ya Kifirauni. Na Apis aliyefuata alikufa mwaka wa nne wa Darius, mfalme aliyekuja baada yake.

Basi maneno yale yalitoka wapi? Cambyses alikata mapato ya mahekalu mengi, na wengi wanaona makuhani waliopunguziwa riziki ndio walioyaanzisha.

Hatusemi Cambyses alikuwa mwema. Alikuwa mvamizi, na jiwe la mfalme nalo humsifu mfalme. Lakini hata mbaya habebeshwi asilolifanya.

Sisi tunaoshona tunasikia mengi. Mteja huja kupimwa gauni, akatuachia na habari za watu. Kuna siku tulipokea neno juu ya shoga yetu, tukalipeleka mbele bila ya kumuuliza. Halikuwa kweli. Tulimwomba radhi akatusamehe, lakini neno lilishafika tusikoweza kulifuata.

Suratul Hujurat inatuamrisha tuzihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu. Cambyses alisafishwa na jiwe. Shoga yetu hana jiwe, ana ndimi zetu tu.