Barakoa Isiyosema: Topeng ya Bali katika Uigizaji wa Tanzia ya Kigiriki

Hakuna barakoa hata moja iliyovaliwa na waigizaji wa Athens katika karne ya 5 KK iliyosalia. Ushahidi uliopo ni wa michoro, hasa ile ya chombo cha Pronomos kilichohifadhiwa Naples. Pengo hilo liliwavuta baadhi ya waongozaji wa karne ya 20 kuelekea Bali, ambako ngoma ya barakoa iitwayo topeng ingali hai, wakidhani kwamba huko wangeona kile ambacho Ugiriki ilikipoteza.

Dhana hiyo inakabiliwa na tatizo la sauti. Katika topeng, barakoa kamili ya mfalme haina mdomo ulio wazi, wala mfalme hasemi, hucheza tu. Usemi ni wa penasar, watumishi wavaao barakoa nusu, ambao hutamka maneno ya bwana wao kwa Kikawi cha kale kisha huyafasiri kwa Kibali cha kawaida, mara nyingi kwa mzaha. Barakoa ya Kigiriki ilikuwa na kinywa wazi, na mfalme alijisemea. Tofauti hii si ya ufundi pekee. Edipo wa Sophocles anamlaani muuaji wa Laio kwa kinywa chake mwenyewe, asijue kwamba anajilaani. Laana hiyo ikitamkwa na mtumishi, kinaya kinachobeba mchezo mzima kinalegea. Kwa upande mwingine, penasar anaafiki vizuri nafasi ya mjumbe, kwa kuwa tendo la Edipo kujitoboa macho husimuliwa, halionyeshwi jukwaani.

Mwaka 1969 W. S. Rendra aliigiza tanzia hiyo pamoja na Bengkel Teater, kundi aliloliunda Yogyakarta mwaka 1967 baada ya masomo yake New York, akitumia barakoa zenye athari ya Bali. Kuueleza uigizaji huo kama makutano ya Mashariki na Magharibi hakutoshi. Rendra alikuwa Mjava, na Java ina topeng yake. Barakoa za Bali zilikuwa za jirani. Basi ukopaji wake ulihusu pia swali la Kiindonesia: ni sanaa ya kisiwa kipi iwe msingi wa tamthilia ya taifa?

Kilichoachwa nyuma ni ibada. Topeng pajegan, ambamo mchezaji mmoja huvaa barakoa zote kwa zamu, humalizika kwa Sidhakarya, barakoa inayokamilisha sadaka ya hekalu. Tanzia nazo zilichezwa katika sikukuu ya Dionysus. Katika jukwaa la kisasa, Edipo hana mungu wa kumchezea.