Jina la Mji Mdogo Lililogombewa Karne Nzima

Tarehe 18 Mei 2005 kampuni ya bia ya Anheuser-Busch ya Marekani ilipeleka ombi katika ofisi ya alama za biashara ya Uingereza. Ilitaka alama ya Budweiser iliyosajiliwa kwa jina la kiwanda cha Kicheki, Budějovický Budvar, ifutwe. Sheria ya Ulaya inasema mwenye alama ya awali akinyamaza miaka 5 mfululizo, huku akijua kuwa mwenzake anaitumia alama yake iliyosajiliwa, basi haki yake ya kulalamika inakufa. Alama ya Wacheki ilisajiliwa tarehe 19 Mei 2000. Ombi la Wamarekani lilifika ikiwa imebaki siku 1.

Ukiusikia ugomvi huo juujuu, utadhani ni matajiri wawili wa bia wanaotunishiana misuli. Mimi naona ndiyo historia bora kuliko zote ya jinsi mataifa yalivyojaribu kujibu swali gumu: jina la kibiashara ni la nani, la aliyelisajili au la mahali lilikozaliwa?

Mji wenyewe ni České Budějovice, kusini mwa Bohemia, ulioanzishwa na Mfalme Přemysl Otakar II mwaka 1265. Wakazi wake waliosema Kijerumani waliuita Budweis, na kitu chochote kitokacho Budweis, iwe mtu au bia, kwa lugha yao ni Budweiser. Bia imepikwa huko tangu zama hizo. Mwaka 1795 wenyeji wenye kusema Kijerumani walianzisha kiwanda chao. Miaka 100 baadaye, 1895, Wacheki nao wakaanzisha chao, na hicho ndicho Budvar ya leo.

Lakini katikati ya miaka hiyo miwili kuna 1876. Mwaka huo, mjini St. Louis, mhamiaji wa Kijerumani Adolphus Busch alianza kupika bia kwa ajili ya rafiki yake mfanyabiashara, Carl Conrad. Waliipa jina Budweiser. Conrad aliisajili alama hiyo Marekani mwaka 1878, na baadaye ikaangukia mikononi mwa Busch. Hapo ndipo fundo lilipo. Wamarekani walikuwa na cheti miaka 17 kabla Budvar haijazaliwa, ilhali mji wenyewe ulikuwa umewatangulia kwa karne 6. Kila upande ungeweza kusema, bila kudanganya, kwamba ulitangulia.

Miaka hiyo sheria ya alama za biashara ilikuwa bado changa. Uingereza ilitunga sheria ya usajili mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama namba 1 ikawa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass, kutoka Burton. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi wa Bass alikesha mlangoni pa ofisi usiku wa mwaka mpya ili asipitwe. Pembetatu hiyo unaweza kuiona hadi leo katika mchoro maarufu wa Édouard Manet wa mwaka 1882, unaoonyesha mhudumu wa baa ya Folies-Bergère jijini Paris: chupa zimepangwa juu ya kaunta ya marumaru, na kwenye lebo pembetatu nyekundu inaonekana wazi. Bia ya Kiingereza ilikuwa mezani Paris, na mlevi wa Kifaransa aliitambua bila kusoma neno hata moja.

Ila cheti cha London hakikuwa na nguvu Paris. Mwenye alama akivuka mpaka alikuwa mgeni tu, na anayetaka kumwigiza hakuwa na wa kumwogopa. Hofu hiyohiyo iliwashika wavumbuzi walioalikwa kwenye maonyesho makubwa ya Vienna mwaka 1873. Baadhi walikataa kupeleka mashine zao, wakihofu mawazo yao yangeibwa. Mazungumzo yaliyofuata yalizaa Mkataba wa Paris wa tarehe 20 Machi 1883, uliotiwa saini na nchi 11: Ufaransa, Ubelgiji, Italia, Hispania, Ureno, Uholanzi, Uswisi, Serbia, Brazil, Guatemala na El Salvador. Marekani ilijiunga 1887.

Mkataba huo uliweka misingi miwili ambayo bado inasimama. Kwanza, mgeni atendewe kama mwenyeji katika ulinzi wa miliki ya viwanda. Pili, aliyeomba usajili wa alama katika nchi moja apewe muda maalumu, ambao leo ni miezi 6, wa kuomba kwingine bila kupoteza nafasi yake katika foleni. Mwaka 1891 ukaja Mkataba wa Madrid, ulioruhusu ombi moja kuenea nchi nyingi kwa mkupuo. Hata hivyo, hakuna mkataba wowote kati ya hiyo uliounda daftari moja la dunia. Kila nchi ilibaki na msajili wake na mahakama zake, na haki ya alama iliendelea kuishia mpakani. Kesi ya Budweiser isingewezekana bila jambo hilo.

Wagomvi wenyewe walijaribu kupatana, mara ya kwanza mwaka 1911, mara ya pili Machi 1939. Katika mapatano ya pili Wacheki waliwaachia Wamarekani jina hilo Amerika Kaskazini yote. Tazama tarehe: katikati ya mwezi huohuo majeshi ya Hitler yaliingia Prague. Watu waliotia saini mkataba wa lebo za chupa walikuwa wanakaribia kupoteza nchi. Na kuhusu Ulaya, mapatano hayo hayakusema kitu.

Baada ya vita, Budvar ikawa mali ya serikali, na ndivyo ilivyo hadi leo. Mwaka 1958 ukasainiwa mkataba mwingine, safari hii Lisbon, wenye fikra tofauti kabisa na ya alama za biashara. Huu unalinda majina ya mahali: bidhaa ikipata sifa zake kutokana na ardhi, maji na ustadi wa eneo fulani, jina la eneo hilo si mali ya kampuni yoyote ya nje. Czechoslovakia iliutumia kusajili bia za Budweis. Marekani haikuwa mwanachama. Kuanzia hapo ikawa haki mbili za aina mbili zinagombana ndani ya chupa moja.

Ureno ndiko zilikogongana kwa kishindo. Anheuser-Busch iliomba usajili huko mwaka 1981. Wacheki wakaweka pingamizi. Mwaka 1986 serikali za Ureno na Czechoslovakia zikatiliana saini mkataba wa kulindiana majina ya asili. Wamarekani walipata cheti 1995, lakini mwaka 2001 Mahakama Kuu Kabisa ya Ureno iliwanyang'anya, ikiutegemea mkataba huo wa 1986. Wakaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakidai kuporwa mali. Januari 2007 majaji waliamua kwamba hata ombi la alama ambalo bado halijakubaliwa ni mali inayolindwa na sheria ya haki za binadamu. Kisha wakasema kwamba katika shauri hili Ureno haikuvunja haki hiyo. Wamarekani walishindwa, lakini hoja yao ikaingia katika vitabu, na kampuni nyingine zinaitumia hadi sasa.

Uingereza mambo yalikwenda kivingine. Anheuser-Busch ilishtaki London mwaka 1979, ikasema Wacheki wanajipitisha kama wao. Ilishindwa kwa sababu ambayo mwanafunzi yeyote wa sheria huikumbuka: bia yake ilikuwa ikiuzwa kwenye kambi za jeshi la Marekani zilizomo nchini humo, na askari wa kigeni ndani ya seng'enge si umma wa Kiingereza. Jina lake lilijulikana, ila wateja haikuwa nao. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu pande zote mbili zisajili jina moja, na ndipo likaja ombi lile la siku ya mwisho.

Shauri lilifika Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Septemba 2011 majaji walisema kwamba pale ambapo wawili wametumia jina moja kwa uaminifu kwa muda mrefu, na wanywaji wanajua tofauti, usajili wa mmoja hauharibu wa mwingine. Na tofauti ipo kweli. Budvar hupikwa kwa kimea cha shayiri ya Moravia na hopsi nzimanzima za Žatec, kisha hulazwa kwenye maghala ya baridi kwa takriban siku 90. Ile ya St. Louis huwekwa mchele. Ladha, bei na sura ya chupa havifanani. Nadhani majaji walitenda haki, maana waliwasikiliza wanywaji badala ya kupima makaratasi peke yake.

Kwingineko Ulaya hali si hiyo. Umoja wa Ulaya ulifungua daftari lake la pamoja huko Alicante, Hispania, mwaka 1996, na Wamarekani wakaomba Budweiser mwaka huohuo. Mwaka 2010 walikataliwa moja kwa moja, kwa sababu Budvar ilikuwa na alama za kimataifa za zamani zilizosajiliwa kwa njia ya Madrid. Ndiyo maana katika nchi nyingi za bara hilo bia ya Marekani huitwa Bud tu, na ya Kicheki ikifika Marekani huvaa jina la Czechvar.

Pwani yetu nayo imeonja shauri la namna hii. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy liwe alama yake. Wakenya wakashtuka, wakaweka pingamizi kwa msaada wa mawakili na watetezi wa biashara ya haki, na ombi likaishia njiani. Budvar ilikuwa na serikali nyuma yake, mikataba mkononi na mawakili katika kila mji mkuu. Mfumaji wa kikoi hana hata kimoja, na muda wa pingamizi unapoanza kuhesabiwa London hakuna anayempigia simu.

Anheuser-Busch yenyewe ilinunuliwa na InBev mwaka 2008 kwa dola bilioni 52, na makao makuu ya kampuni mpya yako Leuven, Ubelgiji. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilinunua Samson, kiwanda cha bia kilichomo ndani ya České Budějovice kwenyewe. Sasa inapika bia katika mji uleule ambao jina lake imeligombania tangu wakati wa Adolphus Busch.