Land Rover Ndefu: Asili Yake, Kazi Yake Katika Iramba, na Namna ya Kuifufua

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kuandika habari za maghala, mizani na viongozi. Hayo wameyaandika wenzangu. Mimi nimepewa kuandika habari za gari moja, kwa sababu katika vikao vya vyama vyetu vya msingi limezuka neno la kununua Land Rover ya zamani, ile ndefu, na kuifufua kwa kazi ya Chama Kikuu. Wako walitakao neno hilo kwa mapenzi tu, na wako walichukialo kwa kuwa wameona magari mengi yaliyokufa uani na kuwa viota vya kuku. Fedha ni za wakulima wa alizeti, vitunguu na pamba. Basi yafaa kila mwanachama ajue kitu chenyewe ni kitu gani kabla ya kuinua mkono.

Gari hili lilianza shambani. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na kazi za shamba hilo alizifanya kwa Jeep kuukuu iliyobaki ya vita. Mwaka 1947 aliona yampasa kutengeneza gari la namna ile ile, lakini la mkulima, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam. Wakati ule chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ilifanywa kwa aluminiamu, na chesisi peke yake pamoja na sehemu chache zikafanywa kwa chuma. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo litakalomwokoa au kumponza siku ya kununua.

Gari la kwanza lilikuwa fupi: inchi 80 kutoka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya gurudumu la nyuma. Lilifaa kwa bwana mmoja na mbwa wake, si kwa magunia. Mwaka 1954 likatoka refu la inchi 107, na baada ya miaka michache likaongezwa kuwa inchi 109, yaani yapata sentimita 277. Hili ndilo liitwalo mia na tisa. Mwaka 1957 ikaja injini ya dizeli. Mwaka 1958 likabadilishwa umbo likawa lile tulijualo, lenye mabega ya mviringo ubavuni. Na mwaka 1971 likapata giaboksi isiyopiga kelele dereva akirudi gia ya kwanza. Lilitengenezwa kwa namna nyingi: la kubebea mizigo, la kufunikwa kote, na la abiria, ambalo baadhi yake lilikuwa na viti 12.

Katika nchi yetu lilikuta kazi ikilingoja. Reli ya tawi iliyotoka Manyoni kupita Singida hata Kinyangiri ilijengwa katika miaka ya 1930, nayo ikaondolewa katika miaka ya 1940. Uwanda wa juu wa Iramba ukabaki na barabara za udongo tu. Upande wa magharibi nchi huteremka ghafula penye mlima Sekenke, na chini yake zaanza mbuga za Wembere, ambazo wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hugeuka ugali mweusi. Lori lilikaa huko mpaka jua lirudi. Mwenye kutaka kufika Shelui au Ndago kati ya Desemba na Aprili alihitaji gari lenye kusukuma magurudumu yote manne.

Ndiyo maana Land Rover ilikuwa gari la Bwana Mkubwa wa wilaya, la Bwana Shamba, la hospitali na la misheni. Hapa Kinampanda, palipokuwa na shule ya Walutheri ya kufundishia waalimu, na ambapo mpaka leo pana Chuo cha Ualimu, watoto waliijua kwa sauti kabla ya kuiona. Mwalimu Nyerere naye alipozunguka nchi kuihubiri TANU, Land Rover ilikuwa miguu yake. Na vyama vya ushirika vilipoenea baada ya Uhuru wa 1961, Land Rover ndefu ikawa ofisi inayotembea: mbele dereva na karani na sanduku la fedha za kununulia mazao, nyuma mizani, magunia matupu, na mara nyingi mgonjwa mmoja aliyeomba lifti.

Mwezi Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka huo huo kiwanda cha Solihull kilitoa Land Rover yake ya milioni moja. Huko walikuwa wakisherehekea, huku magari ya ushirika yalikuwa yakibadilishiwa wenyewe. Sheria ya 1982 ilirudisha vyama, lakini haikuweza kurudisha magari, kwa sababu miaka ile vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwapo. Gari moja likachinjwa ili jingine liishi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya Land Rover nyingi za leo kuwa na mlango wa mwaka huu, boneti ya mwaka ule, na injini ya Kijapani.

Mia na tisa ilikoma kutengenezwa mwaka 1985, na mrithi wake, Defender, akakoma tarehe 29 Januari 2016. Hata hivyo mapenzi hayakukoma. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha katika tamasha, mengine yaking'aa kama sahani mpya. Ni jambo la kupendeza, lakini Chama Kikuu hakinunui gari la kung'aa.

Sasa nije kwenye kununua. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo Land Rover ya miaka 60 yaweza kuwa na bodi nzuri juu ya chesisi iliyooza. Muuzaji hupaka rangi juu. Mnunuzi na alale chini. Chesisi ni mbao nne za chuma zilizochomelewa pamoja kuwa sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope huingia humo, maji hukaa, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ukiigonga kwa nyundo ndogo, chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Gonga hasa mhimili wa nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na mikono inayotoka ubavuni kushika bodi. Kisha tazama ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva, penye nyayo za miguu. Ukiona bati jipya limechomelewa juu ya bati kuukuu, hesabu kwamba la chini limekwisha.

Chesisi ikiwa imeoza kidogo, fundi wa kuchomelea aweza kukata na kutia chuma kipya, mradi tangi la mafuta litolewe kwanza, wala si kufunikwa kwa gunia lenye maji kama nilivyopata kuona. Ikiwa imeoza yote, hutengenezwa mpya Uingereza, zilizochovywa katika zinki. Lakini bei yake na ushuru wake vyaweza kuzidi bei ya gari lenyewe, na hapo ni afadhali kukataa.

Karatasi ni nusu ya gari. Namba ya chesisi hupigwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, penye mshikio wa springi. Nyingine huwa katika kibati ndani. Zote mbili na kadi ya gari lazima zisome mamoja. Zikitofautiana, usitoe hata arubuni. Jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, hutoa hati kwa malipo, ikionyesha gari lilitengenezwa lini na lilipelekwa nchi gani.

Kuhusu injini sina ugomvi mkubwa. Ile ya asili, ya lita 2.25, ni pole na mvumilivu, na betri ikifa huwashwa kwa hendeli. Iliyobadilishwa isikataliwe kwa sababu hiyo tu, ila ibadilishwe pia katika kadi. Jambo linalosumbua zaidi ni spana. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, na kijana mwenye spana za milimita huzila pembe zote kwa siku moja. Seti ya spana za inchi inunuliwe kabla ya rangi.

Udhaifu wake mkuu ni shafti za ndani za ekseli ya nyuma, ambazo hukatika gari likilemewa. Lakini hapa ndipo waliolibuni walipoonyesha akili: fundi hufungua bolti sita katikati ya gurudumu, huvuta kipande kilichovunjika, husukuma kitufe cha manjano, na gari hurudi nyumbani kwa magurudumu ya mbele.

Breki ndizo zinazonitia hofu. Za zamani hazina msaada wa injini. Dereva hukanyaga kwa nguvu za mguu wake, na mteremko wa Sekenke, ingawa sasa una lami, haujali ukumbusho wa mtu. Napendekeza gari hili lipewe kazi ya mbegu, mizani na mafunzo ya wakulima katika vijiji vya juu, wala lisipewe kubeba fedha wala watu wengi kwenda bondeni.

Kamati itakapokwenda kulitazama, ichukue nyundo ndogo, tochi, na turubai ya kulalia, na ifike asubuhi na mapema, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuipasha injini moto.