Hua Tuo na Michezo ya Wanyama Watano

Nchini China, wanaofundisha wuqinxi, yaani mazoezi ya kuiga wanyama watano, kwa kawaida humtaja tabibu Hua Tuo, aliyeuawa kwa amri ya mbabe wa vita Cao Cao mwaka 208, kuwa ndiye aliyeyabuni. Naona sifa hiyo imewekwa pasipo pake. Watu waliiga wanyama kwa ajili ya afya mamia ya miaka kabla yake. Alichofanya Hua Tuo, na kinachostahili heshima kubwa zaidi, ni kuyapunguza mazoezi hayo na kuyawekea kipimo.

Ushahidi mzito ulitoka ardhini. Mwaka 1973 wanaakiolojia walifukua kaburi la tatu la Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK. Kati ya vitu alivyozikwa navyo marehemu, mtu wa ukoo wa kikabaila, kulikuwa na kitambaa cha hariri kilichochakaa na kukatika vipande. Vipande vilipounganishwa, walionekana watu 44 waliochorwa kwa rangi katika safu nne, wake kwa waume, wengine wamevaa kanzu, wengine vifua wazi, kila mmoja na mkao wake. Kando ya baadhi yao pana maneno machache: huyu anaiga dubu, yule korongo, mwingine anatibu goti linalouma. Kwa hiyo zaidi ya miaka 300 kabla ya Hua Tuo, kuiga mnyama na kutibu maradhi vilikuwa vimekwisha kukaa pamoja.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba Chen Shou, mwanahistoria aliyefariki mwaka 297, anamtaja Hua Tuo waziwazi, naye hakuishi mbali sana na enzi zake. Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini katika masimulizi hayohayo Hua Tuo, akizungumza na mwanafunzi wake Wu Pu, anaanza na watu wa kale walioiga dubu na bundi, ndipo anapotaja watano wake: chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Yanayofuata ni maneno ya tabibu. Mwili ufanye kazi ila usichoshwe, maana mwendo husaga chakula na kutembeza damu, kama bawaba ya mlango isivyooza kwa kuwa haitulii. Ukijisikia vibaya, mwige mnyama mmoja. Jasho likitoka, jipake poda, na hamu ya kula itarudi. Mnyama mmoja tu! Hilo hata mgonjwa dhaifu analiweza.

Inasimuliwa pia kwamba Wu Pu alipita miaka 90, masikio na macho yakiwa mazima na meno yote kinywani. Umri wa mtu mmoja hauthibitishi nguvu ya zoezi lolote. Unachoonyesha ni tumaini la watu wale: kuzeeka huku unasikia, unaona na unatafuna, wala si kuishi milele.

Vipi kuhusu mikao ya leo? Chen Shou haelezi hata mmoja. Maelezo ya kina yamo katika maandishi yanayohusishwa na Tao Hongjing, aliyefariki mwaka 536, na mpangilio rasmi wa sasa, wenye mikao miwili kwa kila mnyama, ulitolewa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 2003. Shule zinazogombania dubu wa kweli wa Hua Tuo zinagombania kitu ambacho Chen Shou hakukiandika. Agizo la kutouchosha mwili limo, na mwalimu anayewachosha wazee ili wafanane na chui milia amelitupa.