Macho Matatu ya Kamera

Mtu asimamaye Garissa, akaupa mto Tana mgongo na kutazama mashariki, huona nchi tambarare iendayo mpaka macho yakachoka. Nchi kama hii ni mtihani kwa mpiga picha. Akitumia lenzi ya kuona upana, ngamia walio mbali huwa kama siafu. Akitumia lenzi ya kuvuta vya mbali, humpata ngamia akaipoteza nchi. Hana budi basi kuwa na lenzi zaidi ya moja.

Zamani jambo hili halikuwa jepesi. Kamera ndogo iitwayo Leica ilionyeshwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1925, nayo ilikuwa na lenzi moja isiyotoka. Mwaka 1930 lenzi zilianza kubadilishwa, lakini kila lenzi ililinganishwa na kamera yake. Mwaka 1931 umbali kati ya mdomo wa kamera na filamu ulifanywa milimita 28.8 kwa kamera zote, na lenzi ya kamera moja ikaweza kuingia katika nyingine. Mwaka 1932 ikaja Leica II, yenye kipima masafa kilichofungamana na lenzi. Katika dirisha lake dogo mpiga picha huona taswira mbili; huizungusha lenzi mpaka mbili zikawa moja.

Faida yake ilionekana mwaka 1950 katika Vita vya Korea, ambapo Mmarekani David Douglas Duncan alifunga lenzi za Nikkor za Japani katika kamera za Leica. Mwaka 1954 ilitoka Leica M3, ambayo umbali wake ulikuwa milimita 27.8. Waundaji hawakuwatupa wenye lenzi za kale: pete nyembamba, yenye unene wa milimita moja, ilitosha kuziunganisha na kamera mpya.

Lakini pete haiponyi kila kasoro. Lenzi huipa filamu picha, na mtu hutazama kwa dirisha jingine. Dirisha la Leica II lilifaa lenzi ya milimita 50 tu. Aliyefunga lenzi ya 35 au ya 90 alihitaji kuweka kitazamio cha peke yake juu ya kamera. Kwa kuwa kitazamio hukaa juu ya lenzi, viwili hivi havioni sawasawa. Kwa kitu cha mbali tofauti haidhuru. Kwa mtu aliye karibu, asiye mwangalifu humkata kichwa. Hivyo kamera ina macho matatu: la kupima, la kutazama na la kupiga. Yasipopatana, picha husema uongo bila kukusudia.

Mwingereza Wilfred Thesiger alinunua Leica II mwaka 1934. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya maalumu, iliyozidi kuwabana watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwamo. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa tangu mwaka 1926. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Thesiger alianza kusafiri kaskazini mwa Kenya mwaka 1960, akienda kwa miguu pamoja na ngamia. Picha zake, ambazo filamu zake ni kama 38,000 kutoka nchi nyingi, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Ni hazina kubwa. Walakini yeye aliyachukia magari na kuyapenda maisha ya kale, na moyo wa mpiga picha nao ni kitazamio.

Kwa hiyo, msomaji, uonapo picha ya kale ya kaskazini, usiulize tu ni nani aliyemo. Uliza ni nani aliyeruhusiwa kufika na kamera, alisimama wapi, na ni nini kilichobaki nje ya dirisha lake. Macho matatu ni ya kamera. La nne, lipimalo ukweli, ni lako.